Watu wa Moto kwenye Ukuta wa Mashinisti

Picha ikifika kutoka ng'ambo, Mashinisti hakutazama sura kwanza. Alilamba kidole, akakigusisha kwenye sahihi, pale mkia wa herufi ya mwisho unapoishia, kisha akakiinua kwenye mwanga. Wino ukiacha doa, alicheka mpaka sisi wa nyumba za jirani tukajua kwamba posta imeleta mtu wa kweli. Usipoacha doa, basi sahihi ilipigwa na mashine, na mwenye picha amejiharibia mwenyewe.

Mmoja alijiharibia hivyo, bwana mwenye masharubu mazuri kabisa. Mashinisti alimlamba mara tatu, hata doa hakuna. "Huyu alituma koti bila muntu ndani," akasema. Mke wake, Mama Mashinisti, akamtundika jikoni juu ya gunia la makala, makaa ya kupikia, na huko bwana yule alikaa miaka akivuta moshi wa chungu cha sombe, kisamvu chetu.

Mimi ni tayeri. Cherehani yangu ilikuwa kwenye barza ya nyumba iliyofuatana na yao, mtaa wa Kamalondo, Élisabethville, na mezani pangu palipitia suruali za nusu ya mtaa. Zamani mapadri walinisomesha mpaka wakachoka, ila kabla hawajachoka walikuwa wamenipa Kifaransa na mwandiko mzuri. Kwa hiyo nilikuwa karani wa Mashinisti. Kila barua aliyotuma Ulaya na Amerika ilitoka kwenye mkono huu. Nasema hivyo mapema ili mtu asidhani nasimulia ya kuambiwa, na pia kwa sababu katika kosa lililotokea nami nina fungu langu.

Jina lake analo, lakini hakuna aliyelitumia. Aliendesha mashine ya moshi, mara upande wa Sakania, mara upande wa kaskazini, na hata watoto wake walisema, "Mashinisti amerudi." Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na nyusi zake zilikuwa zimeungua zamani zikaota upya zimekwenda kila moja njia yake. Na mtu huyu, ambaye hakuwa amevuka mpaka wowote isipokuwa wa relini, alikuwa akikusanya picha za wahandisi waliotengeneza roketi za kwanza kabisa. Siku hizo zilikuwa ni mabomba ya moto tu, yaliyosimamishwa shambani na watu waliovaa tai. Mengi yalilipuka. Machache yalipanda juu ya miti, yakaanguka kwenye viazi vya watu.

Aliwajua kutoka kwenye magazeti. Wasafiri wa daraja la kwanza waliacha magazeti yao ya picha ndani ya mabehewa, wafagiaji wakamletea, naye alinibwagia juu ya meza yangu, juu ya kitambaa cha mtu, na mikono yake ile ya mafuta.

"Tayeri, soma hapa. Huyu naye ilimulipukia?"

"Ilimlipukia."

"Mara ngapi?"

"Gazeti halisemi, Baba."

"Ah! Gazeti gani hili? Kintu ya maana njo hiyo!"

Kwake mtu ambaye moto haujawahi kumfukuza hakuwa mtu wa kuzungumza naye. Alikuwa na msemo wake kuhusu moto: "Moto mweusi ni muvivu, mwekundu anajisifu, mweupe njo anafanya kazi." Aliutumia kwa mashine, kwa wanasiasa, kwa mapadri wapya, hata kwa wakwe. Mimi aliniita mwekundu, na mpaka leo sijamsamehe sawasawa.

Ajabu ni kwamba mfalme huyo wa moto hakuweza kuwasha mbabula, jiko la makala la nyumbani. Alipuliza, akatia karatasi, akatukana makala kwa Kifaransa, mwishowe Mama akamsogeza kwa nyonga na moto ukawaka. Ajabu ya pili ni kubwa zaidi. Mtu aliyetaka binadamu wafike mwezini aliogopa kupanda kiti. Si ngazi, jamani, kiti! Chini ya miguu yake alitaka ardhi au chuma cha mashine, basi. Ndiyo maana picha zote ukutani zilitundikwa na Mama Mashinisti. Yeye alipanda, misumari mdomoni, na mume alisimama chini akielekeza: kushoto, juu kidogo, hapana, huyu asikae karibu na yule, hawakupatana. Shika hilo la kiti, maana ndilo lililomponza.

Usidhani Mama alichukia picha. Aliwasalimia wahandisi wale kila asubuhi akifagia. Mwenye kipara alimwita shemeji. Yule aliyesimama na sigara kando ya bomba kama la jiko, alimsema kila siku kwa kuvuta karibu na petroli. Na ndoa yao ilikuwa na filimbi yake. Treni ikikaribia mji, Mashinisti alipiga mbili fupi na moja ndefu, Mama akaweka maji ya bukari, ugali wetu, motoni, na mume alipoingia akinawa mikono, bukari ilikuwa inafuka. Wakubwa wa reli walimkanya, akasema ni usalama wa njia. Kumbe wanawake wengi wa Kamalondo walikwisha kujifunza filimbi ile. Mke wangu naye alipikia filimbi ya mume wa mwenziwe, na mimi nilikula mapema bila kulalamika.

Sasa nieleze desturi yetu, maana Ulaya hawana. Miaka ile Kamalondo tulipeana picha. Jumapili ulivaa, ukaenda studio, ukasimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, na picha ikitoka uliandika pembeni neno la ukumbusho na jina lako, ukampa rafiki. Lakini huombi uso wa mtu mikono mitupu. Unatoa wako kwanza. Na picha inajibiwa kwa picha ya namna yake: ukimpa mtu picha umesimama peke yako, anakupa yake peke yake, ukimpa ya nyumba nzima, anatoa ya nyumba nzima. Asiyejibu amekutukana.

Basi Mashinisti hakumwandikia mhandisi yeyote bila kutia picha yake ndani ya bahasha: yeye, koti nililomshonea mimi, mkono kwenye gurudumu la mashine yake, na jina lake pembeni. Naamini ndiyo iliyowafanya wajibu. Wazungu wale walizoea kuombwa, hawakuzoea kupewa. Mmoja alijibu kwa wino wa kijani, akauliza mashine ile inavuta behewa ngapi mlimani. Mashinisti alitembea na barua hiyo mfukoni mpaka ikakatika kwenye mikunjo.

Studio ilikuwa imemtolea picha sita. Zikaisha. Na ndipo akamwona yule wa saba.

Ndani ya mashine ya moshi, tanuru ni la shaba, na limezungukwa na maji. Maji yakishuka chini ya dari ya tanuru, shaba inalegea, na hapo mashinisti na mwenzake wa makaa wanakutana na Mungu bila kuaga wake zao. Mashinisti aliishi akichungulia maji hayo. Sasa gazeti moja likaleta mchoro wa mhandisi mmoja wa Ulaya, mtu aliyekuwa akijaribu mabomba yake nyuma ya kiwanda cha bia. Tanuru lake lilikuwa linayeyuka kila mara. Akafikiri, akayapitisha mafuta yenyewe, yangali baridi, kuzunguka ukuta wa tanuru kwanza, kisha ndipo yakaingia ndani kuungua. Ukuta ukasimama.

Nilipomaliza kusoma, Mashinisti alikuwa amesimama. Machozi yalikuwa yanamtoka, nawaambia kweli.

"Tayeri! Muzungu huyu anajua mayi yangu ya tanuru! Hapana mugeni, huyu. Iko mwenzangu wa kazi. Leta kalamu."

"Picha zimekwisha, Baba."

Akafikiri. Kisha akaingia ndani, na kwa kuwa Mama alikuwa sokoni, akachukua ufagio, akaunyosha kwa mti wake mpaka kwenye msumari wa katikati, akaangusha picha mikononi mwake. Ilikuwa picha ya ndoa. Mama ameketi, gauni jeupe, umri miaka ishirini na tatu. Yeye amesimama nyuma, mkono begani mwa mkewe. Hakukuwa na nyingine. Mpiga picha alikuwa amefunga studio akahamia Rhodesia, na vile vioo vyake vya kutolea picha za zamani alikwisha kuvikwangua akatengenezea fremu.

"Hii?" nikasema.

"Muntu mukubwa haumupe sura yako peke yako. Unamupa nyumba yako. Naye atatupa yake na muke wake."

Na mimi, fundi mwenye akili zangu, nilisema nini? Nilisema, "Kola ya koti nililokushonea imekaa upande, Baba. Ulaya wataiona." Basi. Hilo tu ndilo lililonisumbua. Nikaandika barua, nikaeleza desturi yetu, nikamwomba bwana yule picha yake na mkewe, zenye majina yao wote wawili. Bahasha ikaenda posta.

Mama alirudi na kikapu cha makayabu, samaki wa chumvi. Alisimama mlangoni, akatazama msumari.

"Sura yangu iko fasi gani?"

"Iko mu njia," mume akasema.

"Njia ya wapi?"

"Ulaya."

Nilikuwa kwenye barza yangu nikijidai natia uzi kwenye sindano.

"Ulaya," Mama akasema. "Na miye sijafika hata Sakania."

"Si weye umetangulia?" Mashinisti akacheka, akidhani ni mzaha mzuri. Alicheka peke yake.

Hakuondoka Mama, wala hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akasema neno moja ambalo mtaa wote tulilijua baadaye: "Kuanzia leo, unataka kutundika, panda kiti weye mwenyewe." Tena maji ya bukari hayakuwekwa kwa filimbi. Treni ilipiga mbili fupi na moja ndefu, sisi wengine tukapika, na Mashinisti akafika nyumbani kukuta mbabula baridi na Mama anachambua maharage kama hana haraka. Alikula, ndiyo, hakulala njaa. Lakini alikula baada yetu sote, na hiyo kwa mwenye filimbi ni aibu.

Nilidhani itakwisha kwa mwezi. Weee! Iliendelea miaka tisa.

Picha ziliendelea kuja, maana barua nyingine zilikuwa bado zinasafiri, na baadaye studio mpya ikampiga nyingine za kupeana. Alizilamba, alicheka, kisha akazitia kwenye kopo la biskuti, kwa kuwa hakuna wa kuzitundika. Wahandisi wakubwa wa dunia walilala chali gizani, mmoja juu ya mwingine. Nilijitolea kupanda mimi. Alikataa. "Ukuta ni wa Mama," akasema. "Miye niliiba pale. Sistahili kuiba mara ya pili na mukono wa muntu mwingine." Hapo ndipo nilipomheshimu kabisa, ingawa alikuwa mjinga.

Siku moja alimpelekea Mama habari njema: waende studio wapigwe picha mpya, fremu ya dhahabu, na gauni nitashona mimi. Mama aliacha kusaga.

"Sura ile ilikuwa na miaka makumi mbili na tatu. Hiyo utaipiga wapi?"

Kila Jumapili, kabla ya misa, Mama aliburuta kiti, akapanda, akapangusa msumari ule mtupu kwa kitambaa. Msumari tu. Mashinisti alikaa chini akimtazama, kofia magotini, na mara ya kwanza nilipoona hayo nilirudi kwangu nikashona mkono wa koti kinyume.

Na yule mhandisi wa saba hakujibu. Tuliandika tena, tukaandika mara ya tatu. Hakuna. Wenzake wa reli walimtania: "Mashinisti, muke wako anaendelea namna gani kule Ulaya?" Alicheka nao, kisha akaja kwangu akaniuliza polepole kama mtu anaweza kujua njia yote ya maji kuzunguka moto na bado akawa mtu mbaya. Nikamwambia wapo wengi. Hakufurahi.

Mimi nikahamia Jadotville, kwa wakwe zangu, cherehani na yote. Miaka ikapita. Asubuhi moja msimamizi wa treni alikuja kugonga dukani kwangu, akaniambia ana maneno ya kubeba kutoka Élisabethville, na maneno yenyewe ni haya: "Bahasha imefika. Kuya."

Nilipanda treni Jumamosi. Nilimkuta Mashinisti amestaafu, macho yamechoka kwa moto wa miaka yote ile, nyusi bado zinagombana. Mama amenenepa kidogo na nywele zimeanza kuwa nyeupe. Katikati ya meza palikuwa na bahasha kubwa, ngumu, yenye kadibodi ndani. Haijafunguliwa. Imekaa pale majuma matatu.

"Kwa nini hamkufungua? Watoto wenu wanasoma Kifaransa kuliko mimi!"

"Ilianza na mukono wako," Mashinisti akasema. "Itaisha na mukono wako. Kama ni mubaya, tutakuwa batatu kuisikia."

Mama alikuwa amejifunga kitenge kipya, nikaona. Nikachukua mkasi, maana mimi hutembea na mkasi, nikakata upande.

Ya kwanza kutoka ilikuwa yao. Picha ya ndoa, nzima, haina hata kunjo. Ila pembe zake nne zilikuwa na vitundu vya pini na upande mmoja umepauka kwa jua la dirisha fulani. Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akaipeleka karibu na uso, akaketi nayo, akamtazama msichana yule kwa muda mrefu.

Ya pili ilikuwa ya Wazungu wawili wazee. Bibi ameketi. Bwana amesimama nyuma, mkono begani mwa mkewe, wamekaa vilevile kama hawa wetu walivyokaa. Mimi, Mungu anisamehe, nilitazama koti kwanza: kola yake ilikuwa upande kuliko yangu, na yangu ilishonwa Kamalondo. Pembeni yalikuwa majina mawili, mwandiko wa mume na mwandiko wa mke.

Nikasoma barua. Ilikuwa Kifaransa cha kusukuma, nami nikaigeuza polepole. Bwana yule aliomba radhi. Alisema barua zote zilifika. Lakini aliombwa picha yake na mkewe, naye hakuwa nayo hata moja. Miaka yote ya ndoa alikuwa akimwambia, tutapiga bomba hili likisimama, tutapiga lile likiruka. Aliona haya kutuma picha yake peke yake kwa mtu aliyempa nyumba nzima. Akaibandika ya Mashinisti juu ya meza yake ya kazi, na kila mwaka mkewe alikuja akaitazama, akauliza, "Na sisi?" Mwaka huu bibi hakuuliza. Alivaa kofia, akamshika mkono, akampeleka kwa mpiga picha, na pale akamwonyesha yule fundi picha yetu, akasema, "Hivi." Sasa wanairudisha, kwa kuwa picha ya ndoa haifai kuzeeka nyumbani kwa wageni. Nakala yake wamebaki nayo, wakiruhusiwa.

Nilikunja barua. Mashinisti alikuwa ameshika kopo la biskuti kifuani. Hakuthubutu kumtazama mke wake. Mama alikuwa ameweka picha mbili mezani bega kwa bega, na kidole chake kilikuwa juu ya yule bibi.

"Kumbe naye alingojaka," akasema.

Kisha akauliza maandishi haya mawili ya pembeni ni nini. Nikamwambia: hili ni jina la mume, hili ni la mke. Akarudi kwenye picha yake mwenyewe, ambayo pembeni lilikuwa jina la Mashinisti tu, alilolitia siku ile ya ufagio.

"Tayeri, leta kalamu."

Nikaanza kutandika karatasi ya barua. Akanisukuma mkono. Mama alikuwa amesoma kwa masista kiasi cha kusoma kitabu cha sala, si zaidi, na kuandika sikuwahi kumwona. Aliinama, ulimi ukatoka pembeni ya mdomo, akaandika jina lake chini ya jina la mumewe, herufi moja moja, akapumzika katikati, akamaliza. Tukangoja. Akaisogeza picha mpaka mwisho wa meza.

"Lamba," akamwambia mume.

Mashinisti akalamba kidole, akagusa mkia wa herufi ya mwisho, akakiinua kwenye mwanga. Doa jeusi, bichi. Alicheka mpaka jirani mpya, ambaye simjui, akachungulia dirishani. Mama naye akacheka, akamnyang'anya kopo, akavuta kiti, akapanda na misumari mdomoni, na alipokuwa huko juu akaniambia bila kugeuka niweke maji ya bukari motoni.